Usafi wa Mji wa Mombasa: Yanayosemwa Barazani na Yalivyo

Kaa kwenye baraza yoyote kati ya Digo Road na Mji wa Kale baada ya swala ya alasiri, hutakosa kusikia kwa nini mji umechafuka. Kila mtu ana mkosaji wake: mchuuzi, kaunti, hamali wa mkokoteni, mgeni aliyekuja juzi. Mimi nimekulia katika duka la leso la familia, jirani na Biashara Street, na kabla ya kufungua milango kazi yangu ya kwanza kila asubuhi imekuwa kufagia nje kwa ufagio wa chelewa. Ufagio huo umenifundisha jambo moja ambalo baraza hulisahau: hapa ni kisiwani. Taka haziondoki, zinahama tu, na mara nyingi hurudi mlangoni kwa yule yule aliyezitupa.

“Wachuuzi wakiondolewa, mji utang’ara”

Hii ndiyo inayosemwa zaidi, na ndiyo inayonikera zaidi. Ni kweli muuza mahindi ya kuchoma huacha maganda na magunzi. Lakini hebu simama mtaani kwetu saa kumi na mbili jioni, maduka yanapofungwa. Maboksi marefu kama milango, nailoni zilizofungia marobota ya vitambaa, kamba za plastiki: hivyo vyote si vya mchuuzi. Ni vyetu sisi wenye leseni ukutani. Tunavitoa nje tukifunga, tunavuta shata, tunakwenda zetu. Usiku kucha paka wanachana, waokotaji wanachambua, upepo unafanya kazi yake. Alfajiri mfagizi anakuta mtaa mzima umetapakaa, na anayelaumiwa ni yule mama wa viazi karai ambaye hata hajafika.

Kwa hiyo swali la kwanza ni la saa. Mzigo uliotolewa muda mfupi kabla ya gari la taka kupita haupati nafasi ya kusambaa. Mzigo huo huo ukitolewa jioni, unalala nje usiku mzima. Jirani yetu mmoja anayeuza vyombo aliamua kuyakunja maboksi, kuyafunga kamba na kuyalaza ndani hadi asubuhi. Siku hizi wanunuzi wa karatasi kuukuu humfuata wenyewe, na mbele ya duka lake hapaokotwi kitu.

Na huyo mchuuzi tunayemfukuza, sioni kwa nini tumdhanie kuwa anapenda uchafu. Nani atanunua mishkaki kando ya mtaro unaonuka? Lakini mtu anayekimbizwa na askari wa kaunti leo Mwembe Tayari, kesho Marikiti, hafagii mahali asipojua kama kesho atakuwapo. Mpe sehemu yake ya kudumu na pipa lake, ndipo umdai usafi.

“Nimelipa leseni, taka ni kazi ya kaunti”

Nusu ya maneno haya ni sawa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti kazi ya kuzoa na kutupa taka, na ni haki kaunti iulizwe. Nusu nyingine ndiyo tunayoiruka. Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka mwenye biashara atenganishe taka zinazooza na zisizooza pale pale zinapotokea, kabla gari halijafika.

Kwa nini kutenganisha? Fikiria safari yenyewe. Zamani jaa kubwa lilikuwa Kibarani, mlangoni mwa kisiwa, ukingoni mwa maji ya Makupa, na mgeni aliyetoka Nairobi alikaribishwa na harufu yake. Lilifungwa, pakapandwa miti. Sasa taka za mjini zinavuka Nyali Bridge kwenda Mwakirunge, huko Kisauni, katika msongamano huo huo unaotuchelewesha sote. Majani ya mboga, maganda ya mananasi na mabaki ya maembe kutoka Marikiti ni maji matupu: mazito, yanachuruzika njia nzima, na yakichanganywa na karatasi, karatasi haina mnunuzi tena. Tunalilipa lori kusafirisha maji.

Wenye maduka pia wanaweza kufanya zaidi ya kusubiri. Mwaka 1970, wafanyabiashara wa Bloor West Village mjini Toronto, Kanada, walikuwa wa kwanza kukubaliana kujitoza ada ya kutunza mtaa wao, ikikusanywa kupitia manispaa. Hawakuipunguzia manispaa wajibu wake; waliongeza juu yake. Sisi ambao tunachangiana harusi na matanga bila kuandikiana mkataba hatushindwi kuchangia mfagizi wa pili wa alasiri.

“Kunguru ni wafagizi wa bure”

Wazee wengine husema hivi kwa nia njema, na hata walioleta ndege hawa waliamini hivyo. Kunguru tulionao si wa asili ya hapa. Ni kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili ale taka, na Mombasa alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1947. Tangu hapo tumemlisha wenyewe. Anachofanya ni kupasua mfuko uliofungwa vizuri, kuchagua kipande cha nyama na kuutapanya mzigo uliobaki. Juu ya hayo hula mayai na makinda ya ndege wetu wadogo. Januari 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS) lilitangaza mpango wa kupunguza kunguru milioni 1 kufikia mwisho wa mwaka huo. Sumu inaweza kuwapunguza, ila mapipa yakibaki wazi waliosalia watazaliana tena, maana chakula kipo. Kifuniko cha pipa kinafanya kazi kila siku.

“Dafu tupu si uchafu, litaoza”

Litaoza, lakini pole pole sana, na kabla halijaoza litanyeshewa. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa za dengi na chikungunya, hahitaji dimbwi chafu. Anapenda maji kidogo, masafi, yaliyotulia ndani ya chombo: dafu lililokatwa, kikombe cha plastiki, tairi kuukuu nyuma ya gereji. Hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi, yakingoja mvua nyingine. Tena huuma mchana, wakati sisi tuko madukani, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimfikii. Aliyeugua chikungunya hapa Mombasa mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018 hasahau viungo vyake vilivyokaza. Jina lenyewe linatoka kwa Wamakonde, na maana yake ni kujikunja. Muuza madafu akipewa gunia la kuwekea maganda na toroli la kuyaondoa jioni, tumekata mazalio mengi kwa gharama ndogo.

“Rangi mpya ni ukarabati”

Mwaka 2018 kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji na ya Mji wa Kale yapakwe nyeupe na mistari ya buluu. Mji ulipendeza, sikatai. Nilitembea Moi Avenue hadi Mapembeni nikaona fahari. Lakini rangi ni nguo tu, na mwili wa majengo yetu ya zamani ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikandaa.

Ukuta wa namna hiyo hunywa maji na kuyatoa tena polepole kupitia chokaa. Fundi akija akaupiga plasta ya saruji kwa kuwa saruji ni ngumu, maji hukosa pa kutokea. Yanabaki ndani pamoja na chumvi, chumvi inaganda na kuvimba, na baada ya misimu michache plasta inabanduka kwa vipande vikubwa, wakati mwingine ikiondoka na uso wa jiwe. Kisha tunasema jengo limezeeka. Jengo halina kosa, limezibwa pumzi. Rangi ya plastiki iliyopakwa juu ya ukuta wenye unyevu hufanya vivyo hivyo, ila huanza kwa malengelenge.

Mwenye jengo anayetaka kutumia pesa zake vizuri aanze juu. Atazame milizamu ya paa kama imeziba kwa majani na viota vya kunguru, maana mlizamu ulioziba humwaga maji ukutani mwaka mzima. Halafu atazame vyuma. Upepo wetu una chumvi; nondo ya roshani ikianza kutu huvimba na kupasua zege, na kipande kinachoanguka huanguka juu ya mpita njia. Rangi ije mwisho, na kwenye ukuta wa matumbawe iwe chokaa.

“Kikishaingia mtaroni, kimekwenda”

Kimekwenda wapi? Mitaro ya mvua ina kazi yake moja, kupeleka maji ya mvua baharini: Tudor, Kilindini au Bandari ya Kale. Chupa unayoisukuma kwa mguu nje ya duka utaikuta imenasa kwenye mizizi ya mikoko ya Tudor. Hiyo ni ile iliyofanikiwa kupita. Nyingi hazipiti. Mchanga tunaoufagia kutoka barazani tukauingiza kwenye tundu la mtaro hukutana na mafuta yaliyomwagwa na wakaangaji, na vikichanganyika vinakuwa kama lami. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 iliipunguzia mitaro mzigo mkubwa, lakini mchanga na mafuta havikupigwa marufuku na mtu.

Mchanga uliofagiwa uzolewe kwa koleo, uingie kwenye ndoo. Ni dakika tano.

Na kuzibua kusingojee mafuriko. Masika yetu huanza mwishoni mwa Machi na kufikia kilele Mei, na mtaro uliojaa maji hauzibuliki; mtu anaingiza mkono asipopaona. Januari na Februari, kaskazi ikivuma, ndiyo miezi mikavu kuliko yote. Wakati huo vifuniko vya zege vinanyanyuka kwa watu wanne na mtarimbo mmoja, mchanga ulio chini ni mkavu na mwepesi, na unatolewa ukakaa juu kwa siku moja tu kabla ya kubebwa, kwa sababu ukiachwa kando ya mtaro hadi mvua ya kwanza, utarejea mle mle.