"Wanakupiga mionzi, uvimbe unayeyuka": ya benchini na ya kweli

Asubuhi ya Juni Mbeya haina huruma. Benchi nje ya chumba cha picha lilikuwa baridi hadi tukakunja khanga na kuzikalia, mimi na shangazi yangu, tukisubiri aitwe kupigwa altrasaundi ya kizazi. Mama mmoja aliyetoka Tukuyu na basi la alfajiri akatuambia, kwa uhakika wa mtu aliyeshuhudia: "Siku hizi hawapasui, dada. Wanakupiga mionzi, uvimbe unayeyuka, unaukojoa." Benchi zima likaguna kukubali.

Tiba aliyoizungumzia, ya kuunguza uvimbe kwa sauti iliyokusanywa (HIFU), ipo kweli, na ni kweli haina kisu. Mengine yote aliyoyasema yana kasoro.

"Ni mionzi."

Kwetu kila mashine ya hospitali ni mionzi, na neno hilo ndilo linalotupoteza. Eksirei ni mionzi. Altrasaundi ni sauti, ila iko juu mno kwa sikio la binadamu, ambalo huishia karibu na mitikisiko 20,000 kwa sekunde. Sauti ya kutibu hutikisika mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, pengine zaidi ya milioni moja.

Aliyewahi kuchezea kioo cha kukuzia juani ameshaelewa inavyofanya kazi. Jua lile lile linalokupasha mgongo, ukilikusanya kwenye nukta moja, linatoboa karatasi. Hapa pia mawimbi hutoka sehemu nyingi na kila moja hupita mwilini bila kudhuru. Yanapokutana, kwenye eneo dogo kama punje ya mchele wa Kyela, joto hupanda hadi nyuzi 55 au 60 na zaidi, na nyama ya pale inaiva. Naam, inaiva, kama yai. Ngozi ya juu kwa kawaida inabaki nzima.

"Basi hata ile ya kliniki ya wajawazito inaunguza mtoto."

Hapana. Ile ya kupima hutumia nguvu ndogo na haikusanywi ili ipashe joto. Kwenye nukta ya tiba nguvu ni kubwa kuliko hiyo maelfu ya mara.

"Uvimbe unayeyuka, unaukojoa."

Hapa nilitamani kumkatiza yule mama, ila mkubwa hakatizwi. Fibroidi, yaani uvimbe wa kizazi usio saratani, ikiunguzwa haiyeyuki. Mgonjwa hulala, mara nyingi kifudifudi tumbo likiwa majini, kwa saa kadhaa, akiwa amepewa dawa ya kumtuliza. Daktari anaongozwa na picha ya MRI (mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili) au ya altrasaundi yenyewe, anaunguza nukta baada ya nukta. Seli zinakufa zikiwa pale pale, kisha mwili unazila pole pole. Nafuu ya damu nyingi na maumivu huja kwa wiki na miezi, na uvimbe husinyaa bila lazima kwisha. Nyingine zinaweza kuota baadaye.

Tena si kila fibroidi inafaa. Sauti haivuki hewa, kwa hiyo utumbo wenye gesi ukikaa mbele ya uvimbe, njia imefungwa. Ukubwa, idadi na mahali ilipo vyote vinahesabiwa. Marekani iliruhusu tiba hii kwa fibroidi mwaka 2004, na mwanzoni kwa wanawake waliomaliza kuzaa tu.

"Hakuna kisu, hakuna madhara."

Moto hauhitaji kisu. Ngozi inaweza kuungua, hasa penye kovu la upasuaji wa kujifungua, maana kovu hufyonza sauti na kupata moto. Neva iliyo karibu ikipata joto, mguu unauma au unakufa ganzi.

"Saluni nazo wanayo, wanaiita HIFU."

Jina moja, kazi mbili. Mashine za kukaza ngozi ya uso hulenga milimita chache tu, kama 4.5 hivi. Kizazi kiko mbali mno na hapo. Atakayekuahidi kuondoa fibroidi kwa mashine ya uso, beba mkoba wako uondoke.

"Mzee anatetemeka kwa sababu ya ulanzi."

Hili halikusemwa benchini, nimelikuta Iringa, na ndilo linaloniudhi kuliko yote. Kuna mtetemeko wa mikono usiotokana na pombe wala kurogwa, ambao mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Mzee akishika kikombe chai inamwagika, akiandika jina lake herufi zinatambaa. Ajabu yake ni kwamba pombe kidogo huutuliza kwa muda. Kwa hiyo watu wanamwona mkono umetulia akiwa na ulanzi, kesho yake unatetemeka, wanahukumu: mlevi. Pengine mzee anakunywa ili aweze kushika kikombe.

Mtetemeko huo ukigoma kusikia dawa, sauti inaweza kufika hadi ndani ya ubongo bila kutoboa fuvu, ikaunguza nukta inayouleta. Marekani iliidhinisha hilo Julai 2016. Kichwa kinanyolewa na kufungwa kwenye fremu, kinavikwa kofia yenye vyanzo vya sauti 1,024, na maji baridi yanazunguka kwa sababu mfupa hupata moto haraka. Mgonjwa yuko macho. Kwanza wanapasha kidogo tu, wanamwambia achore mduara, wanaangalia. Mkono ukitulia bila shida nyingine, ndipo wanaongeza joto hadi la kuunguza moja kwa moja. Wengi huondoka mkono ukiwa umetulia siku hiyo hiyo. Lakini wengine hubaki na ganzi au kuyumba wanapotembea, na mafuvu mengine hayapitishi sauti ya kutosha. Kwa mwenye Parkinson, ugonjwa mwingine wa ubongo unaoleta kutetemeka, hutuliza mtetemeko. Ugonjwa wenyewe unaendelea.

"Ni majaribio mapya."

Wanasayansi walishaunguza nyama kwa sauti mwaka 1942. Kilichochelewa ni macho: bila MRI ya kupima joto ndani ya mwili, ulikuwa unachoma gizani. Lililo jipya kweli ni kuvunja uvimbe wa ini kwa viputo vidogo badala ya joto, tiba iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2023.

Shangazi akaitwa. Akapakwa jeli, akashtuka kwa baridi yake. Kazi ya jeli ni kufukuza hewa kati ya kifaa na ngozi. Fibroidi moja, ndogo. Daktari akamuuliza kama anatoka damu nyingi au anaumwa. Hapana. Basi, akasema, hii hatuigusi, urudi tuiangalie tena.

Tulipotoka, mama wa Tukuyu akauliza wamempiga mionzi mingapi. Shangazi alikuwa bado anafuta jeli kwa khanga, akinihimiza tuwahi daladala ya Uyole.