Kulinda Moyo: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Dhana: Wazo baya likinijia, tayari nimetenda dhambi.

Dhana hii huwaumiza zaidi wale wanaompenda Mungu kwa dhati. Wazo la tusi, la tamaa au la wivu linapita katikati ya maombi, na mtu anaacha kuomba kwa kujiona mnafiki. Lakini Yakobo 1:14-15 inatenganisha hatua: tamaa huvuta na kudanganya, ikiisha kuchukua mimba ndipo huzaa dhambi. Yesu mwenyewe aliletewa majaribu matatu jangwani, wala hakutenda dhambi. Hata pale anapomhukumu atazamaye mwanamke kwa kumtamani (Mathayo 5:28), anasema juu ya jicho lililokusudia.

Evagrius Ponticus, mtawa wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, aliorodhesha mawazo manane yanayoisumbua nafsi, kuanzia ulafi hadi kiburi. Alifundisha kwamba kusumbuliwa nayo hakumo katika uwezo wetu. Kilichomo ni kama yatakaa au hayatakaa. Basi jiulize: nimelikaribisha? Utajua umelikaribisha ukiona unalirudia kwa hiari, unaliongezea maneno na picha, au umeanza kupanga namna ya kulitimiza.

Dhana: Dawa ni kulikataza wazo kwa nguvu mpaka litoke.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimwaze dubu mweupe. Walishindwa, na walipoachiwa wamwaze, walimwaza zaidi ya wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Naye Yesu alikwisha kuonya habari za nyumba iliyofagiwa na kupambwa ikabaki tupu: pepo aliyetoka hurudi na wengine saba (Mathayo 12:43-45). Kufagia pekee hakutoshi.

Kinachosaidia kina mpangilio. Kwanza litaje wazo lenyewe: "hiki ni kinyongo kwa sababu ya maneno niliyoambiwa jana." Ukisema tu "nina mawazo mabaya" hujashika kitu. Pili, mwambie Mungu kwa sentensi moja au mbili. Maombi marefu juu ya kosa la mtu hugeuka haraka kuwa kulirudia kosa lile, safari hii kwa lugha ya kiroho. Tatu, lijibu kwa Neno linalogusa jambo hilohilo: hofu kwa Zaburi 56:3, husuda kwa Mithali 14:30, kinyongo kwa Waefeso 4:32. Nne, inuka ufanye tendo lililo kinyume chake, kama kumwombea mema yule aliyekuudhi.

Wengi hukwama hatua ya tatu kwa sababu wanatafuta andiko wakati moyo umeshachemka. Andiko huwekwa moyoni mapema, kama Zaburi 119:11 inavyosema. Aya moja kwa juma, ikisemwa kwa sauti asubuhi na usiku, inakaa kuliko sura tano zilizosomwa mbiombio.

Dhana: Kulinda moyo ni kutomwamini mtu tena.

Aliyeumizwa huambiwa "linda moyo wako," naye anaelewa asipende tena. Mithali 4:23 inasema moyoni ndiko zitokako chemchemi za uzima, na chemchemi hutoa maji. Soma mistari inayofuata uone ulinzi unafanyika wapi: 24 ni kinywa, 25 ni macho, 26 na 27 ni miguu. Kwa hiyo anza na unachosema juu ya wasiokuwepo, unachotazama kwenye simu ukiwa peke yako kitandani, na mahali unapokwenda ukiwa na hasira. Simu ilale nje ya chumba. Rafiki mmoja mkomavu wa kumwungamia, kama Yakobo 5:16 inavyoagiza, ni sehemu ya ulinzi huo. Dhambi inayofichwa hupata nguvu.

Dhana: Mawazo yasiyokoma ni dalili ya imani haba.

Si lazima. Yapo mawazo yanayojirudia bila kukoma, yanayomchukiza hata anayeyawaza, na ipo huzuni isiyoisha kwa majuma. Hayo huenda yakawa ugonjwa unaotibika. Mwone daktari huku ukiendelea kuomba. Wazo la kujidhuru lisisubiri ibada ijayo: mwambie mtu saa hiyohiyo, asikuache peke yako, mwende hospitali.