Je, wajua kwa nini amplifaya ya mfukoni hufia kwenye tundu la jeki, si kwenye chipu?

Wimbo unaoujua vizuri unacheza, hedifoni zimechomekwa kwenye amplifaya ndogo ya mfukoni, mara mwimbaji anatoweka. Gitaa la kushoto lipo, kinanda cha kulia kipo, mwangwi wa sauti yake unasikika kwa mbali, lakini mwenyewe hayupo. Ukiisukuma jeki kidogo kwa kidole, anarudi.

Mara nyingi hukumu hutoka hapohapo: chipu imeungua. Na kama amplifaya yenyewe imetoka kwenye karakana ya watu wawili watatu, si kwenye kiwanda kikubwa, hukumu ya pili hufuata: vitu vya mafundi wadogo havidumu. Hukumu zote mbili zimewafanya watu wengi watupe kifaa kizima kwa kosa la sehemu yenye bei ya soda.

Tuanze na mwimbaji aliyetoweka, maana yeye ndiye shahidi mzuri kuliko wote. Jeki ya milimita 3.5 ina sehemu tatu: ncha hupeleka sauti ya kushoto, pete ya kati hupeleka ya kulia, na shina ni njia ya umeme kurudi, inayotumiwa na pande zote mbili. Sauti ya mwimbaji kwa kawaida huwekwa sawasawa kushoto na kulia ili isikike katikati ya kichwa. Njia ya kurudi ikikatika, spika mbili za hedifoni hujikuta zimeunganishwa mfululizo, moja baada ya nyingine, kati ya kushoto na kulia. Kilicho sawa pande zote mbili hakina tofauti ya volteji, na pasipo tofauti ya volteji umeme hautembei. Kinachobaki kusikika ni zile sauti zinazotofautiana tu. Jaribu rekodi ya taarabu ya enzi ya santuri, iliyorekodiwa kwa mkondo mmoja: itanyamaza karibu yote, kwa sababu kushoto na kulia ni kitu kilekile.

Chipu iliyoungua haina uwezo wa kumwondoa mwimbaji na kuacha gitaa. Haiwezi pia kupona kwa kusukumwa na kidole. Dalili hizo mbili zinaelekeza kosa moja: njia ya kurudi imeachia, iwe ndani ya waya wa hedifoni au kwenye mguu wa chuma wa tundu.

Ni rahisi kuelewa kwa nini chipu hushtakiwa kwanza. Ndiyo inayotajwa kwenye matangazo na ndiyo wapenzi wa hedifoni hubishania usiku kucha, huyu akisifu chipu ya OPA2134, yule akitaka nyingine. Lakini tazama kazi yenyewe. OPA2134 imeundwa kustahimili jumla ya volti 36. Kwenye amplifaya ya mfukoni inayotumia betri moja ya volti 9, inapata robo ya kiwango hicho. Ina kinga ya ndani inayobana mkondo pale waya za kutokea zinapogusana. Hakuna joto kubwa, hakuna kitu kinachosogea. Hata kapasita, vile vipuri vya kuhifadhi chaji ambavyo kweli huzeeka, hapa zinaishi maisha mepesi. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa joto la nyuzi 105 huongeza maisha maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazopungua, kwa kanuni ya kukadiria wanayoitumia wahandisi. Ukiiweka kwenye nyuzi 45, unapata saa 128,000, yaani zaidi ya miaka 14 bila kuzimwa. Kanuni hiyo ni ya jumla, na kapasita ya bei ya chini inaweza kuikaidi, ila inaonyesha ukubwa wa nafasi iliyopo.

Si kwamba chipu haifi kamwe. Ukigusisha betri ya volti 9 kinyume kwa sekunde moja kwenye amplifaya isiyo na diodi ya kinga, kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu, unaweza kuiua. Adapta isiyo yake, au umeme tuli wa mwilini siku kavu, navyo vimeua chipu. Kifo cha namna hiyo kina sura yake: mara nyingi volti kadhaa za umeme wa betri hutokea moja kwa moja kwenye tundu la hedifoni. Kwa hiyo fundi mwangalifu hupima tundu kwa mita kabla ya kuchomeka kitu. Akiona milivolti chache, salama. Akiona volti nzima, hedifoni zikae mbali, kwani zinaweza kuungua.

Sasa tundu lenyewe. Fikiria opena ya soda. Nguvu ya mkono wako peke yake haiwezi kung'oa kizibo, lakini opena ina mkono mrefu upande wako na mfupi upande wa kizibo, pamoja na mahali pa kuegemea. Jeki iliyochomekwa ni opena hiyohiyo. Sehemu iliyo nje, pamoja na shingo ngumu ya waya, ndiyo mkono mrefu. Mdomo wa tundu ndiyo egemeo. Miguu midogo ya tundu, iliyoshikwa na lehemu kwenye bodi, ndiyo kizibo. Kama shingo imetokeza milimita 30 na miguu iko milimita 10 nyuma ya egemeo, uzito wa kilo moja unaovuta waya upande unaifikia miguu ukiwa kilo tatu. Na opena hufungua soda mara moja ikaachwa. Amplifaya inakaa mfukoni, unaketi, unainuka, unapanda daladala, unageuza kichwa, na kila mara kizibo kinasukumwa kidogo.

Kilichoshika kizibo hicho ni kidogo sana. Kwenye bodi ya kawaida, utando wa shaba ambao lehemu hushikamana nao una unene wa takriban milimita 0.035. Tundu ambalo miguu yake hupenya bodi na kulehemiwa upande wa pili hustahimili zaidi. Tundu lililokaa juu tu ya bodi, bila mguu wowote kupenya, linaweza kung'oka pamoja na shaba yake, na hapo matengenezo yanakuwa ya kuunga waya mwembamba. Ukiweka bodi chini ya kioo cha kukuzia, utaona mguu wenye afya umezungukwa na lehemu inayong'aa iliyopanda taratibu kuelekea kwenye chuma. Mguu ulioachia una mstari mweusi, mwembamba mno, unaouzunguka kama pete. Huo mstari ndio uliomla mwimbaji.

Kuna wanaoilaumu lehemu isiyo na madini ya risasi. Umoja wa Ulaya ulizuia risasi kwenye vifaa vya elektroniki kuanzia 1 Julai 2006, na lehemu iliyochukua nafasi yake ni ngumu zaidi, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi badala ya 183. Mtengenezaji mdogo anayelehemu kwa mkono akiharakisha, kiungo kinaweza kutoka kibaya. Hata hivyo lehemu nzuri ya aina yoyote itachoka ikiachiwa kazi ya kubeba uzito wa waya.

Na hapa ndipo hukumu ya pili, ile ya mafundi wadogo, inapoanza kuyumba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mtu aitwaye Chu Moy alichapisha mchoro wa amplifaya ya betri moja ambao yeyote mwenye chuma cha kulehemia angeweza kuutengeneza. Ukaitwa CMoy, na watu wakawa wanaufungia ndani ya kopo la bati la peremende za Altoids. Sura yake ni ya kienyeji kabisa. Lakini kwa sababu kopo lina ukuta mwembamba, tundu la jeki hufungwa ukutani kwa nati, kisha nyaya laini huliunganisha na bodi. Mkono wa opena unasukuma bati. Lehemu haihisi kitu. Boksi la alumini lililosuguliwa vizuri, ambalo tundu lake limeshikwa na bodi tu na kuchungulia nje kupitia shimo, linaweza kufa mapema kuliko kopo la peremende. Watengenezaji wadogo hawana desturi ya kutangaza ni vifaa vingapi hurudishwa, kwa hiyo hakuna jedwali la kulinganisha. Kinachoweza kuonekana kwa macho ni nati ipo au haipo.

Baada ya tundu, anayefuata kufa ni betri. Betri ya lithiamu huchoka ikitumika na huchoka ikikaa, na adui zake wawili ni joto na kujazwa hadi juu. Ikiwekwa ikiwa imejaa mahali penye nyuzi 40 kwa mwaka mzima inaweza kupoteza theluthi ya uwezo wake. Ikiwa na chaji ya asilimia 40 mahali pa nyuzi 25, hasara huwa ndogo sana. Dashibodi ya gari juani ni mahali pabaya kuliko pote. Kosa la upande wa pili ni kuisahau kabatini hadi ikauke: kinga ya ndani hukata, chaja hukataa kuijaza, na mwenye kifaa husema kimekufa wakati sakiti yote ni nzima.

Swali la maana ni kama betri hiyo itapatikana. Betri ya volti 9 ya umbo la mstatili imekuwepo tangu 1956, na leo inauzwa popote wanapouza maikrofoni za kanisani au mita za mafundi. Betri ya lithiamu ya mfuko laini nayo si fumbo, mradi haijagandishwa kwa gundi: namba iliyochapwa juu yake mara nyingi ni vipimo vyake. 103450 ina maana ya unene wa milimita 10, upana 34, urefu 50. Fundi wa Kariakoo au Luthuli Avenue akiiona namba hiyo anajua atafute nini, akizingatia volteji na akihakikisha betri mpya ina sakiti yake ya kinga.

Huduma kwa wateja inafuata mantiki hiyohiyo. Kwenye karakana ndogo, mikono inayounganisha bodi ndiyo inayojibu barua pepe na ndiyo inayotengeneza vilivyorudi. Jibu likija, linatoka kwa mtu anayekijua kila kiungo, na anaweza kukutumia tundu la akiba kwenye bahasha. Lakini toleo jipya likiwa mezani, vya kutengeneza vinasubiri. Akiugua, kila kitu kinasimama. Ukimya wa wiki tatu mara nyingi si dharau, ingawa kwa mteja unauma vilevile, na fundi anayechukua pesa anapaswa angalau kusema foleni ina urefu gani.

Kisa cha amplifaya iitwayo O2 kinafundisha zaidi. Mwaka 2011 mhandisi aliyejiita NwAvGuy, ambaye hakuwahi kutaja jina lake halisi, alichapisha mchoro wa amplifaya hiyo pamoja na orodha ya vipuri na vipimo vyake. Mwaka 2012 akanyamaza na hakurudi. Amplifaya yake haikunyamaza naye. Karakana kama JDS Labs ya Illinois na Epiphany Acoustics ya Uingereza ziliitengeneza na kuiuza, na kwa kuwa mchoro ulikuwa wazi, fundi yeyote aweza kuufuata hadi kwenye kipuri kilichokufa. Betri zake mbili za kuchaji ni za umbo lilelile la volti 9. Mtengenezaji anayefunika mchoro na kufuta namba za chipu anamfunga mteja wake kwenye uhai wa karakana moja. Kwangu mimi hilo ni kosa zito kuliko kuchelewa kujibu.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, umbali huongeza jambo. Tangu 1 Aprili 2016 betri za lithiamu za kuchaji zinazosafirishwa peke yake kama mzigo zimekatazwa kwenye ndege za abiria. Iliyo ndani ya kifaa ina kanuni nyepesi zaidi, ila masharti bado yapo na posta nyingine huikataa. Hiyo ndiyo sababu mtengenezaji anaweza kukutumia tundu au chipu kwa furaha lakini akasita kukutumia betri, na ndiyo sababu inafaa ununue betri huku na kumwomba vingine.

Kabla ya kumwandikia, fanya majaribio manne. Jaribu hedifoni nyingine, kwa kuwa waya wenyewe huvunjika ndani karibu na jeki mara nyingi kuliko tundu. Kama chipu imekaa kwenye soketi, ibonyeze polepole kifaa kikiwa kimezimwa, maana kutikisika huilegeza. Zungusha volyumu mara kadhaa. Mkwaruzo unaosikika wakati wa kuzungusha tu ni uchafu, na dawa ya kusafishia migusano ya umeme huutoa. Mwisho sukuma jeki upande kwa upole huku muziki ukicheza, ukiangalia ni upande gani unarudisha sauti.

Majibu hayo, pamoja na volteji ya betri na picha ya bodi upande wa lehemu, yaandike kwenye barua ya kwanza, usingoje kuulizwa. Kama bado kifaa kinatakiwa kurudi kwake, toa betri ikiwa inatoka, na pata karatasi za forodha zinazoonyesha kinatoka kwa matengenezo kabla hakijaondoka. Bila karatasi hizo, siku kitakaporudi kinaweza kutozwa ushuru kana kwamba umenunua kipya.