Kupunguza kasi ya chipu si sawa na kuokoa chaji
Miongoni mwa mafundi simu wa Mwanza, na hata wavuvi wa Mwaloni Kirumba wanaokesha ziwani, wapo wanaoamini kwamba prosesa (chipu inayoendesha kazi za simu) ikipunguzwa kasi kwa nusu, chaji itadumu mara mbili. (Kioo cha simu, ambacho nacho hula chaji nyingi, tukiweke kando.) Imani hiyo inachanganya nguvu (kasi ya kutumia umeme) na nishati (jumla ya umeme unaotumika). Ni kweli kwamba nguvu inayotumiwa na transista, yaani swichi ndogo sana za ndani ya chipu, zinapowaka na kuzimika hupungua kadiri mapigo ya saa ya chipu, yanayopanga kasi yake, yanavyopungua. Lakini kazi ileile sasa huchukua muda maradufu, hivyo nishati ya kuimaliza hubaki karibu ileile, na pengine huongezeka, kwa kuwa transista huvujisha mkondo kidogo hata zikiwa zimetulia.

Faida kubwa imo kwenye volteji, kwani nishati ya kila transista kuwaka au kuzimika hufuata mraba wake: kushuka kutoka volti 1.2 hadi 0.9 huipunguza hadi takriban asilimia 56. Kasi ndogo husaidia hasa kwa sababu huruhusu volteji kushushwa bila saketi kukosea. Volteji isiposhuka, mara nyingi ni heri chipu ikimbie, imalize kazi, kisha sehemu zisizotumika zikatiwe umeme.