Wapanda farasi wa Poland hawakuvamia vifaru

Tangu 1939 watu husimuliana kwamba askari wapanda farasi wa Poland walivivamia vifaru vya Wajerumani kwa mikuki. Haikuwa hivyo.

Jioni ya Septemba 1, siku Ujerumani ilipoivamia Poland, karibu na kijiji cha Krojanty, sehemu ya kikosi cha 18 cha Pomerania, chini ya Kanali Kazimierz Mastalerz, ilikishtukiza kikosi cha askari wa miguu wa Kijerumani kilichokuwa kimepumzika mahali pa wazi. Wajerumani wakatawanyika. Kisha magari ya deraya ya Kijerumani yakatokea upande wa msituni na kufyatua bunduki za rasharasha. Mastalerz mwenyewe aliuawa. Baadaye waandishi wa habari, wakiwemo Waitaliano, walipelekwa pale, wakaona maiti, farasi na vifaru vilivyofika shambulio likiwa limekwisha. Propaganda ya Berlin ikamalizia kazi.

Kwa kawaida wapanda farasi hao walisafiri kwa farasi na kupigana kwa miguu. Brigedi zao zilikuwa na mizinga ya milimita 37 ya kupiga vifaru, pamoja na vigari vya deraya vya upelelezi. Siku hiyohiyo, huko Mokra, Brigedi ya Wołyń, ya wapanda farasi wa Poland, iliizuia Divisheni ya 4 ya vifaru ya Wajerumani kutwa nzima. Ajabu, hilo husimuliwa kwa nadra.