Mwezi wa tano mgongo ulishafunga zamani

Juzi tena, dada katoka Mbagala na kichanga cha siku tisa, mgongo wazi, yaani uti wa mgongo haukufunga, ananiambia "daktari lakini foliki nilimeza kila siku", ile vitamini ya wajawazito. Ulianza lini? "Nilivyoanza kliniki, mimba ya miezi mitano." Simlaumu, hakuna aliyemwambia mapema, ila hii habari nimechoka kuisikia jamani.

Ubongo na uti wa mgongo vinaanza kama kibamba cha seli, kingo zinainuka, zinajikunja mpaka zinakutana unakuwa mrija, na huo mrija unakuwa umefunga siku ya 28 hivi toka mimba itungwe. Yaani hedhi imechelewa wiki mbili tu, wengine hata kipimo hawajanunua! Jeni hazisubiri kadi ya kliniki. Nimeshaangalia kiinitete cha samaki pundamilia, kisamaki kidogo cha maabara, kwenye darubini, kiko wazi kama kioo, saa 24 tu toka yai lirutubishwe macho yapo, ubongo umeshaanza kugawanyika, mkia unarukaruka. Sisi tunaenda taratibu zaidi, ila mwendo ndo huohuo, ujenzi wa mwanzo unaisha mama hana habari. Foliki ya mwezi wa tano inasaidia damu, kwa mgongo umechelewa. Mikrogramu 400 kila siku, angalau mwezi mzima kabla ya mimba, na mi nasema yeyote anayeweza kushika mimba ameze tu, maana nyingi zinakuja bila kupangwa.

Sasa maneno ninayojibiwa. "Samaki na mtu wapi na wapi." Jeni inaitwa sonic hedgehog, ndo inaziambia seli za upande wa chini wa mrija ziwe neva za kuendesha misuli, samaki anayo na wewe unayo. Tofauti zipo, mrija wake unaanza kama kijiti kigumu ndo unatoboka katikati.

"Ni damu ya ukoo wa mke." Hii inavunja ndoa za watu na inaniuma sana. Nusu ya jeni za mtoto ni za baba, afu mgongo wazi mara nyingi ni jeni nyingi kwa pamoja na foliki kupungua, kisukari, au dawa za kifafa kama valproeti.

"Mchicha unatosha." Unauchemsha, maji unamwaga, na foliki inaenda na maji.

Na kama ulishajifungua mtoto wa hivi, mikrogramu 400 ni ndogo kwako. Utafiti mkubwa ulioongozwa na Waingereza, 1991, ulitumia miligramu 4, yaani mara kumi ya hiyo, na tatizo kujirudia kukapungua kwa asilimia 72. Dozi hiyo anakuandikia daktari, kwa hiyo njoo kabla hujashika mimba nyingine, na baba mtoto aje.