Usiniulize Kongo wanalipa ngapi, niulize gari litarudi lini

Kila anayenunua semi yake ya kwanza ananipigia na ombi lilelile: "Kaka, nitafutie mzigo wa Kongo, kule ndiko kuna hela." Nimechoka kulisikia, hasa nikijua gari lenyewe ni la mkopo.

Bei ya kubeba mzigo hadi Lubumbashi, kusini mwa Kongo, ni kubwa kwa sababu gari likienda huko linapotea. Unatoka bandarini Dar, unapanda Kitonga, unapanga foleni Tunduma, unaikata Zambia, halafu unakwama Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo. Siku za kutembea ni chache, zilizobaki gari limesimama. Tuseme safari imekuachia dola 3,000 ukishatoa dizeli, posho ya dereva na tozo za njiani, ila imekula siku 30. Hiyo ni dola 100 kwa siku. Mzigo wa Kigali kupitia Rusumo ukikuachia dola 1,500 kwa siku 10, wewe ndiye uliyepata. Rejesho la benki halisubiri foleni iishe.

Kinachonikera zaidi ni watu kuchukua bei ya kwenda wakaigawa kwa kilomita za kwenda. Na kurudi je? Rwanda inaingiza mizigo mingi kuliko inayotoa, kwa hiyo malori mengi yanashuka Dar matupu, na bei ya kupanda lazima ibebe dizeli ya kushuka. Tanka la mafuta nalo ni hivyohivyo: likishashusha, linarudi tupu. Wanaolionea wivu wanasahau hilo. Katanga, upande wa Lubumbashi, kuna nafuu, maana unapanda na salfa ya viwanda vya madini na unaweza kushuka na shaba. Lakini kila aliyeshusha anaitaka shaba hiyohiyo, na mwenye mzigo anajua kabisa kuwa unataka kurudi nyumbani. Hapo anakubana bei.

Halafu kuna hadithi ya tani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 imeweka kikomo cha tani 56, gari na mzigo wake, na kwa gari lenye ekseli chache ni chini ya hapo. Mizani hazina urafiki. Itazame flatibedi, trela lisilo na kuta, iliyopakia shaba: mafungu ya mabamba yamelala chini, ukiwa mbali utasema trela ni tupu, kumbe uzito umeshatimia. Bei hutajwa kwa tani, sawa, lakini tani ya shaba na tani ya saruji hazilipwi sawa. Shaba inaibwa. Mwenye shaba anataka bima ya mzigo, kifaa cha kufuatilia gari, na dereva anayelala kwenye maegesho yenye ulinzi. Wanaotimiza hayo ni wachache, basi wanalipwa.

Kontena nalo: kabla hujakubali, uliza nani anarudisha tupu kwa wakala wa meli, na siku zikipita nani analipa.

Foleni ndiyo sijaipatia kanuni. Naandika kwenye mkataba kwamba baada ya siku kadhaa za kusubiri mpakani, kila siku inalipwa. Wateja wazuri wanasaini. Lakini siku ya kudai, wengi wanasema foleni ni ya forodha, si yao, na ukikaza wanampa mzigo unaofuata mwingine. Kwa hiyo siku hizi naziweka siku hizo ndani ya bei tangu mwanzo, na mizigo mingine naikosa kwa sababu hiyo.